Jina la korosho yako: BRELA, ARIPO, Dubai au Mauritius?

Mnunuzi wa nje akishaonja korosho, akauliza bei ya kilo na uwezo wako wa mwezi, swali linalofuata ni la jina: limesajiliwa? Wafungashaji wengi wa Mtwara na Lindi hujibu "ndiyo" papo hapo, maana cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kinaning'inia ukutani juu ya mzani. Kisogelee ukisome. Mara nyingi ni cheti cha jina la biashara, kile kinachotakiwa ili upate leseni na akaunti ya benki. Kinaeleza nani anafanya biashara kwa jina hilo, basi. Hakikupi haki ya kumzuia mtu wa Temeke au wa Sharjah asibandike jina hilohilo kwenye pakti yake. Haki hiyo inatokana na usajili wa alama ya biashara, ambao uko BRELA hiyohiyo lakini una sheria yake, fomu yake na ada yake.

Nalitaja hili mapema kwa sababu maswali ninayoletewa siku hizi yameruka hatua. Mtu hajasajili alama nyumbani, anauliza kama afungue kampuni Mauritius "ili jina lilindwe kimataifa", au kama aende Dubai moja kwa moja kwa kuwa mteja yuko huko. Wapo mawakala wanaouza vifurushi vya namna hiyo mtandaoni, na wanavipamba hasa. Nitaziweka njia hizi ubavu kwa ubavu kwa macho ya mtu anayebangua na kufungasha korosho Mtwara mjini, Masasi au Newala. Mwenye chumvi, ufuta au mwani wa Lindi atabadilisha daraja la bidhaa tu, yaani kundi ambalo bidhaa yake inasajiliwa.

Kama unauza korosho ghafi kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, na mnada wa stakabadhi ghalani, makala hii si yako. Korosho ghafi haina jina. Mnunuzi anaangalia unyevu na ubora wa kokwa, anapakia meli kwenda Vietnam au India, na huko ndiko inakobanguliwa na kupewa jina la mtu mwingine. Ulinzi wa alama una maana pale unapoanza kuweka mali kwenye pakti yenye sura yako.

Kwanza, nini hasa kinalindwa?

Chukua pakti ya gramu 250 uiweke mezani. Juu kuna jina kwa herufi kubwa, chini yake mchoro wa bibo jekundu na korosho yake, pembeni W320, alama ya TBS, mistari ya msimbo na namba ya simu.

W320 ni ya kila mtu, ni gredi inayoeleza kokwa nzima nyeupe zipatazo 320 kwa ratili. Alama ya TBS inahusu ubora. Msimbo unamsaidia mwenye supamaketi kuuza na kuhesabu, haumlindi mtu, ingawa nimesikia mawakala wakiuza hadithi hiyo. Mchoro wa bibo unalindwa na hakimiliki, na hakimiliki inazaliwa pale kazi inapochorwa, hata bila kupita COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Tatizo ni kwamba kwa msingi wa sheria hiyo, mwenye haki wa kwanza ni aliyechora. Kama mchoro ulitengenezwa na kijana wa duka la uchapaji kwa elfu thelathini na soda, mtafute akusainie karatasi kwamba amekuachia haki zote. Fanya hivyo leo angali anakukumbuka kwa wema.

Lililobaki ni jina, na hapa ndipo wengi wanapojifunga wenyewe. "Korosho Bora" linaeleza tu bidhaa na sifa yake. "Mtwara Korosho" linaeleza bidhaa na mahali inakotoka. Msajili yeyote duniani ataona ugumu kukupa peke yako maneno ambayo kila mfungashaji wa hapa anayahitaji. Jina lenye nguvu ni lile ambalo halisemi chochote kuhusu korosho: jina la kubuni, au neno la kawaida lisilohusiana na njugu wala Kusini. Najua soko linapenda "Kusini" na "Ruvuma" kwenye lebo. Viweke kwa herufi ndogo chini, na jina la kusajili liwe jingine.

Kila njia nitakayoitaja inahesabu ada kwa madaraja ya kimataifa. Korosho iliyokaangwa iko daraja la 29, mazao mabichi yasiyosindikwa 31, kashata na chumvi 30, juisi ya mabibo 32, sabuni 3. Vinyago vya Kimakonde vya mti viko daraja la 20. Anayekushauri usajili matano "kwa usalama" wakati unauza korosho za kukaanga tu, ana sababu zake. Ukisajili usichokiuza, nchi nyingi zinaruhusu mtu akuombee ufutwe kwa kutotumia. Dubai na Singapore zinakupa miaka 5.

BRELA, na Zanzibar ambayo watu huisahau

Sheria ya alama za biashara na huduma ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1986. Unaomba kupitia mfumo wa mtandaoni wa BRELA kwa namba yako ya NIDA, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, alama inachunguzwa, kisha inatangazwa kwenye jarida la BRELA kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ikipita, unapata ulinzi wa miaka 7 tangu tarehe ya kuomba, na baada ya hapo unahuisha kila miaka 10. Ada zake, ukilinganisha na njia zote zinazofuata, ndizo ndogo kuliko zote, na unaweza kufanya mwenyewe bila wakili kama jina ni safi.

Anayekuiga ukiwa na cheti hicho unaweza kumpeleka Mahakama Kuu, au kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo inasimamia sheria ya alama za bidhaa na ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia madukani, maghalani na bandarini. Bila cheti utabaki kubishana nani alianza, na hiyo ni kesi ndefu.

Cheti hiki kinaishia ufukweni. Miliki bunifu si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na wakala wake wa usajili, BPRA, na alama ikisajiliwa kule inadumu miaka 10. Korosho za kwetu zinauzwa kwa watalii kwenye maduka ya Mji Mkongwe kwa bei ambayo Mtwara huwezi kuitaja mbele ya mtu mzima. Mtu yeyote aliyeko Unguja anaweza kulisajili jina lako huko na cheti chako cha Bara kikawa hakina la kusema. Kwa hesabu za alama za biashara, safari ya kwanza ya nje ya nchi ni ile ya boti ya Unguja.

Maombi ya BRELA yana faida nyingine ambayo mawakala wa vifurushi hawaitaji. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Paris tangu mwaka 1963. Ukishawasilisha ombi lako la kwanza hapa, una miezi 6 ya kuomba alama hiyohiyo katika nchi nyingine za mkataba ukitumia tarehe ya BRELA. Falme za Kiarabu zimo, Mauritius imo, Singapore imo. Maana yake, mtu akikimbilia Dubai kulisajili jina lako mwezi wa tatu baada ya wewe kuomba hapa, ukifika mwezi wa tano bado wewe ndiye wa kwanza kwenye daftari. Miezi hiyo 6 ndiyo muda wako wa kupima: mnunuzi ni wa kweli? Oda ya pili imekuja? Anza nyumbani, hata kama nyumbani huuzi pakti moja.

ARIPO: nzuri kwa ng'ambo ya Ruvuma

ARIPO ni shirika la kikanda la miliki bunifu lenye makao Harare. Kwa alama za biashara linafanya kazi kwa Itifaki ya Banjul ya mwaka 1993: fomu moja, unachagua nchi unazotaka, ulinzi wa miaka 10. Ombi unaweza kulipeleka kupitia BRELA. Kwa mtu wa Mtwara orodha ya nchi ina mvuto, kwa sababu Msumbiji iliingia mwaka 2020, na Malawi na Uganda zimo. Pakti zinazovuka Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja zinaingia nchi ambayo ARIPO inaifikia.

Kenya haimo kwenye itifaki hiyo. Zambia haimo, Rwanda haimo, Kongo wala Burundi hazimo. Komoro, ambako vyombo kutoka bandari yetu hufika, iko kwenye mfumo mwingine kabisa, OAPI wenye makao Yaoundé, ambako usajili mmoja unashika nchi wanachama zote kwa pamoja utake usitake.

Kuna shimo moja. Tanzania iliingia Itifaki ya Banjul mwaka 1999, lakini kwa utaratibu wetu mkataba wa kimataifa hauwi sheria mpaka Bunge liuingize kwenye sheria za nchi, na jambo hilo kwa itifaki hii halikufanyika ipasavyo. Ndiyo maana wanasheria wengi hawakushauri utegemee ARIPO kwa ulinzi wa ndani ya Tanzania. Kwa Bara nenda BRELA, ARIPO itumie kwa majirani. Kama majirani unaowauzia ni mmoja tu, pima: huenda kuomba moja kwa moja kwenye nchi hiyo ni nafuu zaidi.

Dubai: ghali, na ina maana kwa wengi

Falme za Kiarabu zina daftari moja la alama kwa falme zote 7, linalosimamiwa na wizara ya uchumi ya shirikisho. Sheria inayotumika ni ya mwaka 2021, na ulinzi ni wa miaka 10. Usajili huo unafika hadi kwenye maeneo huru ya biashara kama Jebel Ali. Nasema hivi kwa sababu kuna kosa linalofanana na lile la BRELA: mtu anapata leseni ya eneo huru yenye jina la kampuni yake, anaamini jina limelindwa. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara. Hata kile kituo cha fedha cha DIFC, chenye mahakama zake na sheria yake ya miliki bunifu ya mwaka 2019, kinaitambua alama iliyosajiliwa kwenye daftari la shirikisho, hakina daftari lake la kukusajilia.

Sababu ya kulipa pesa ile ni kwamba Dubai ni mahali pa kupitishia mali. Pakti zako zikifika pale zinaweza kuishia Sharjah, zinaweza kuishia nchi usiyoijua, na mwigaji naye anapitia mlango huohuo. Ukiwa na cheti unaweza kuandikisha alama yako forodhani, na mzigo wa bandia ukazuiwa kabla haujasambaa. Bila cheti forodha haina cha kulinganisha.

Gharama zake zisikupofushe wala zisikutishe bila hesabu. Ada za serikali kule ni miongoni mwa kubwa duniani kwa daraja moja. Juu yake kuna wakala aliyesajiliwa, maana mgeni asiye na makazi huko hawezi kuomba mwenyewe. Halafu kuna hati ya kumpa wakala huyo mamlaka, ambayo kwa kawaida inapita kwa mthibitishaji, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu Dar es Salaam. Kwa mtu wa Newala hiyo ni safari, na ukituma kwa basi ni wiki za kupiga simu. Daftari linaendeshwa kwa Kiarabu, kwa hiyo jina lako litahitaji tafsiri au maandishi ya Kiarabu. Amua mwenyewe litaandikwaje, usimwachie karani.

Usajili wa Dubai pia hauvuki mpaka. Nchi za Ghuba zina sheria ya pamoja lakini kila nchi ina daftari lake. Kama mauzo yako yanategemea ndugu walioko Maskati, hiyo ni Oman, na Oman ni ombi jingine.

Haya yote ni madogo mbele ya swali moja: kwenye cheti cha Dubai, mmiliki ameandikwa nani?

Dada mmoja wa Chikongola, mwenye pakti nzuri kuliko nyingi nilizoziona, aliniletea rasimu ya mkataba wa msambazaji wa kule. Alikuwa na furaha.

"Kaka, wamesema usajili wote wanabeba wao. Mimi natoa mzigo tu."

"Umesoma kifungu cha usajili, dada?"

"Kiingereza chake kirefu. Ila wameandika ni kwa manufaa ya pande zote."

Ni kweli kiliandikwa hivyo. Kilisema msambazaji atasajili alama "kwa jina lake, kwa manufaa ya pande zote". Maneno ya mwisho ni asali, haki iko kwenye maneno matatu ya kwanza. Mkataba ukivunjika mwaka wa pili, anayebaki na cheti ni msambazaji, na korosho za dada huyu zikifika kwa mnunuzi mwingine Dubai yeye ndiye ataonekana mwigaji wa jina lake mwenyewe. Sheria ina nafasi ya kufuta usajili uliofanywa kwa nia mbaya, lakini utaipigania kule, kwa wakili wa kule na kwa ada za kule. Tulirudisha rasimu na sentensi tatu: alama itasajiliwa kwa jina la mwenye bidhaa, msambazaji anaruhusiwa kuitumia mkataba ukiwa hai, mkataba ukiisha ruhusa inaisha. Msambazaji alinung'unika, akataka gharama zigawanywe nusu kwa nusu. Ni ombi la haki. Nusu ya gharama kwa jina lako ni rahisi kuliko bure kwa jina lake.

Mtu akidhani haya ni ya wafanyabiashara wadogo tu, akumbuke kikoi. Kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" kama alama yake, vazi ambalo pwani yote hii tumelivaa tangu mababu. Wakenya walipinga, na mwaka 2008 kampuni ikaliachia ombi. Waliwahi kwa sababu walikuwa macho ndani ya muda wa pingamizi.

Mauritius: tofautisha mambo mawili

Mambo mawili huuzwa kama moja hapa. Kuna kusajili alama Mauritius, na kuna kufungua kampuni Mauritius ili kampuni hiyo imiliki alama.

La kwanza ni jepesi kueleza. Kisiwa kina sheria mpya ya mali za viwandani ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Januari 2022, na alama inalindwa miaka 10. Kama hoteli za kule zinanunua korosho zako, unaweza kuomba kama mgeni kupitia wakala wa huko bila kufungua kampuni yoyote. Kama hazinunui, cheti cha Mauritius kinalinda jina lako dhidi ya watu wa Mauritius, ambao hawajawahi kulisikia.

La pili ndilo lenye mvuto, na mvuto wake ni wa kweli. Mwaka 2023 Mauritius ilijiunga na Mfumo wa Madrid, ambao kwa ombi moja na sarafu moja unakuwezesha kuchagua kati ya nchi zaidi ya 130: Falme za Kiarabu, Singapore, China, India, Vietnam, Kenya, Msumbiji, Oman. Tanzania hadi mwaka 2024 ilikuwa haijaingia. Ili uutumie mfumo huo lazima uwe raia, mkazi, au uwe na biashara halisi katika nchi mwanachama. Kampuni iliyoandikishwa Mauritius inapita mlango huo, kampuni ya Masasi haipiti. Ada ya msingi ya Madrid ni faranga za Uswisi 653 kwa alama isiyo na rangi na 903 kwa yenye rangi, kisha kila nchi unayochagua ina ada yake juu.

Hapa kuna jambo linalouma kidogo. Waombaji kutoka nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni wanalipa asilimia 10 tu ya ada hiyo ya msingi. Tanzania imo kwenye orodha, lakini haikuwa kwenye mfumo. Mauritius iko kwenye mfumo, lakini haimo kwenye orodha, kwa hiyo kampuni yako ya Mauritius italipa ada nzima. Msumbiji iko kote kuwili, na iko Madrid tangu mwaka 1998. Mbanguaji wa Pemba ya Msumbiji anaweza kuomba Dubai na Singapore kwa fomu moja na punguzo juu. Mwenzake wa Newala, anayeiona Msumbiji kutoka ukingo wa uwanda, analipa mlango mmoja mmoja.

Sasa hesabu za kampuni yenyewe. Leseni ya biashara ya kimataifa ya Mauritius inataka wakurugenzi wasiopungua wawili wakazi wa kule, akaunti kuu ya benki kule, ofisi iliyoandikishwa kule na hesabu zilizokaguliwa. Hayo yote yanalipiwa kila mwaka, uuze usiuze. Kisha kodi: kama kampuni yako ya Mtwara itailipa kampuni ya Mauritius mrabaha kwa kutumia jina, kuna kodi ya zuio ya asilimia 15 hapa nyumbani, na hakuna mkataba wa kuepusha kodi mara mbili unaofanya kazi kati ya nchi hizi mbili. TRA nayo itauliza kwa nini mtu anajilipa mwenyewe kwa jina alilolibuni mwenyewe Mtwara. Ni swali zuri, na "wakala alinishauri" haitatosha kulijibu.

Kuna na sharti la Madrid ambalo huwa halimo kwenye brosha. Kwa miaka 5 ya kwanza usajili wa nchi nyingine unategemea ule wa msingi. Alama ya msingi ya Mauritius ikifutwa, kwa pingamizi au kwa sababu kampuni ilisahauliwa ikafutwa kwenye daftari, na nyingine zinayumba nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari liko ng'ambo ya bahari.

Nani basi anafaa? Mwenye soko halisi katika nchi nne tano za Madrid. Mwenye mwekezaji anayetaka kununua hisa kwenye kampuni iliyo chini ya sheria anazozijua. Labda mwenye programu ya simu au teknolojia ya kubangua anayotaka kuikodisha nchi nyingi. Mfungashaji wa tani chache kwa mwezi anajitwisha mzigo wa bure.

Singapore na Hong Kong, kwa ufupi

Zinatajwa kwa sababu makampuni makubwa ya korosho yana ofisi huko. Olam, ambayo imewahi kubangua korosho hapahapa Mtwara, makao yake makuu ni Singapore. Lakini hao wananunua mali, hawanunui jina lako. Ukipata supamaketi ya kule, Singapore ina ofisi inayofanya kazi kwa Kiingereza na ulinzi wa miaka 10, na urasimu wake ni mwepesi kuliko wa Dubai. Hong Kong ina daftari lake peke yake: cheti cha China Bara hakiifikii, na cha Hong Kong hakifiki China Bara.

Na mwenye mashine?

Fundi aliyebuni mashine ya kubangua asichanganye mambo. Hiyo ni hataza, yaani haki ya uvumbuzi, na inataka ubunifu mpya. Kuionyesha Nanenane pale Ngongo kabla ya kuwasilisha ombi kunaweza kuua upya huo katika nchi nyingi. Awasilishe kwanza, BRELA au kupitia ARIPO kwa Itifaki ya Harare, na baada ya hapo ana miezi 12 ya kuamua nchi nyingine. Dubai na Mauritius zingoje.

Ningekuwa na pakti yako

Ningesajili alama BRELA kwa daraja la 29, na Zanzibar wiki hiyohiyo, kabla sijatuma sampuli kwa mtu yeyote wa nje. Ningehesabu miezi 6. Oda ya pili ya Dubai ikija ndani ya muda huo, ningelipa Dubai moja kwa moja, kwa jina langu, hata ikibidi kukopa kwenye kikundi. Isipokuja, ningeacha. Msumbiji na Malawi ningezipeleka ARIPO siku ambayo mteja wa kule ameshalipa. Mauritius nisingeigusa, na wakala akinipigia tena ningemwambia anitumie hesabu ya miaka mitano yote, siyo bei ya mwaka wa kwanza.

Jambo la mwisho ni dogo na linaumiza kuliko yote. Akaunti nyingi za BRELA za huku zimefunguliwa steshenari, kwa barua pepe na simu ya kijana wa steshenari. Notisi ya pingamizi ikija inaingia kwake. Taarifa ya miaka 7 kuisha inaingia kwake, na wakati huo ameshahamia Dodoma. Fungua barua pepe ya biashara, nywila ijulikane na watu wawili, na tarehe za kuhuisha ziandikwe: mwaka wa 7 kwa Bara, mwaka wa 10 kwa Zanzibar na Dubai. Kama akaunti yako tayari iko kwa kijana huyo, mpigie kesho asubuhi kabla hajabadilisha laini.